Huyu Lalu Prasad Yadav wa Bihar, mbona jela haimmalizi kisiasa?

Kamongo_wa_Ziwa

Wakuu salama? Nina swali, mwenye kumjua vizuri huyu mzee anisaidie, wale wa kejeli naomba mpite kimya kimya.

Novemba 2025 nlikuwa nafuatilia uchaguzi wa jimbo la Bihar kule India, sio kwamba nina ndugu huko, basi tu napenda siasa za watu. Kila nikifungua habari nakutana na jina moja, Lalu Prasad Yadav. Mgombea sio yeye, mgombea ni mwanae Tejashwi, ila kampeni nzima ya chama tawala ilikuwa kumtisha mwananchi na yule baba, mkichagua hawa enzi za Lalu zinarudi. Nikasema ngoja nimsome huyu mtu. Nikachoka. Uwaziri kiongozi wa jimbo aliachia 1997. Amekutwa na hatia kwenye kesi tano za ufisadi wa hela za chakula cha mifugo, tano, sio moja. Tangu 2013 haruhusiwi kugombea hata udiwani. Kapandikizwa figo. Na bado ndo mwenyekiti wa chama chake cha RJD, 2025 hiyo hiyo wamempa tena, na akipita mahali watu wanajaa.

Sasa mnieleweshe, aliwapa nini hawa watu wa Bihar mpaka wamsamehe yote hayo? Maana siamini kama mamilioni ya watu wanaweza kuwa wajinga kwa pamoja miaka 35.

Mchokozi77

Alikula hadi majani ya ng'ombe hahaha. Fisadi wa kawaida anaiba hela ya dawa, ya barabara, huyu kaenda zizini kabisa. Mods fungeni uzi.

Bi_Shamsa

Kaka Kamongo swali lako ni zuri ila umeanzia mwisho. Ukiingilia kwenye kesi hutamwelewa Lalu hata usome mwaka mzima, ingilia kwenye tabaka, zile ngazi za Kihindu ambazo mtu anazaliwa nazo.

Bihar kabla ya 1990 ilikuwa ni jimbo la wenye ardhi, na wenye ardhi walikuwa watu wa matabaka ya juu, Bhumihar, Rajput, Wabramini. Chama cha Congress kimetawala pale karibu muda wote toka uhuru na mawaziri viongozi wake wengi wametoka huko huko juu. Yuko mmoja wa tabaka la vinyozi, Karpoori Thakur, alishika mara mbili miaka ya 70 na mara zote mbili hakudumu. Vijijini mtu wa tabaka la chini hakai kwenye kitanda cha kamba mbele ya bwana mwenye shamba, anachuchumaa chini. Polisi ni wa yule bwana, mwalimu ni wa yule bwana, kura yenyewe mara nyingi unafika kituoni unaambiwa rudi nyumbani ushapigiwa.

Lalu katokea kijiji cha Phulwaria, wilaya ya Gopalganj, makaratasi yanasema 1948. Nyumba ya udongo, ukoo wa Yadav ambao kazi yao ya asili ni kuchunga ng'ombe na nyati wale weusi wa kufugwa na kuuza maziwa. Kaka yake alikuwa tarishi kwenye chuo cha mifugo pale Patna, makao makuu ya jimbo, ndo akamchukua dogo mjini akasome. Wamekaa kwenye vile vichumba vya wafanyakazi wa chini. Lalu kasoma mpaka chuo kikuu cha Patna, na yeye mwenyewe akafanya kazi ya ukarani kwenye chuo hicho hicho cha mifugo. Shikilia hapo maana idara ya mifugo itarudi kwenye hii stori.

1973 akawa rais wa wanafunzi chuo kikuu cha Patna. Katibu wake ni nani? Sushil Modi, ambaye baadaye akawa mkubwa jimboni wa BJP, chama cha siasa za Kihindu, na ni mmoja wa waliokwenda mahakamani kutaka hela za mifugo zichunguzwe. Yaani ofisi moja ya wanafunzi ile. 1974 likaja vuguvugu la mzee Jayaprakash Narayan, wanafunzi barabarani Bihar nzima, Lalu mstari wa mbele. Indira Gandhi akatangaza hali ya hatari Juni 1975, Lalu akawekwa ndani kwa sheria ya usalama waliyokuwa wanaiita MISA kwa kifupi. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa akampa jina Misa, ndo huyu dada Misa Bharti mbunge wa sasa. 1977 wakafungua uchaguzi, Lalu akaingia bunge la taifa kwa jimbo la Chapra hajafika hata miaka 30.

Thakur alifariki 1988, nafasi ya kiongozi wa upinzani jimboni ikabaki wazi, Lalu akaingia. Uchaguzi wa 1990 chama chao cha Janata Dal kikaishinda Congress. Waziri mkuu wa nchi V. P. Singh alikuwa na mtu wake mwingine wa kumpa Bihar, akatokea na wa tatu, kura za wabunge zikagawanyika, Lalu akapita katikati kwa tofauti ndogo sana. Hakuna aliyempa muda mrefu.

Machi 10, 1990 akakataa kuapia ikulu ya gavana, akaapia uwanja wa Gandhi Maidan mbele ya umma. Alafu miezi ya mwanzo hakuhamia nyumba ya waziri kiongozi, alibaki kwenye kile kijumba cha kaka yake tarishi, makatibu wakuu wenye suti zao wanapiga foleni na mafaili nje ya nyumba ya tarishi. Kaka jaribu kuona mchunga ng'ombe wa Gopalganj anaposikia hiyo habari kwenye redio ya jirani. Alipohamia ile nyumba kubwa akaingia na ng'ombe wake. Kihindi anachoongea ni kile cha kijijini kilichojaa Kibhojpuri, utani mwanzo mwisho, fulana na lungi. Wasomi wa Delhi wanamcheka, na kila wakimcheka wale wa kijijini wanajua wanachekwa wao.

Kamongo_wa_Ziwa

Aisee Bi Shamsa asante, hapo mwanga umeanza kuingia. Ila heshima hailiwi mama yangu, wakapata nini cha kushika mkononi?

Nyanda_Juu

Hicho ndo nlitaka kusema. Bi Shamsa anapamba. Mimi nmesoma India, mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa Bihar na sio tabaka la juu, na ukimtajia Lalu anabadilika sura. Hakuna barabara, hakuna umeme, chuo kikuu digrii ya miaka mitatu unamaliza kwa mitano sita maana mitihani haifanyiki. Mtu akiwa na uwezo kidogo anaondoka, ndo maana vibarua wa mashamba ya Punjab na mafundi wa Mumbai na Delhi wengi ni Wabihari.

Na hapo bado utekaji. Ilifika mahali ni biashara, unamteka dokta, mfanyabiashara, mtoto wa injinia, unasubiri hela. Wababe wenye bunduki wakawa wabunge. Mohammad Shahabuddin wa Siwan alikuwa mtu wa chama cha Lalu huyo huyo, anaendesha wilaya kama shamba lake mpaka mahakama zilipomfunga maisha kwa mauaji. Wapinzani wanaiita ile miaka 15 ya Lalu na mkewe Jungle Raj, yaani utawala wa porini, na hilo jina limeshinda chaguzi kibao lenyewe tu bila sera.

Alafu huyo anayesemwa mtetezi wa wanyonge, Desemba 1, 1997 jeshi binafsi la wenye ardhi, Ranvir Sena, liliingia kijiji cha Laxmanpur Bathe usiku likaua watu 58 wa Dalit, wale wa chini kabisa ya matabaka, wanawake na watoto humo. Serikali ya nani? Ya mke wake Lalu. 2013 mahakama kuu ya Patna ikawaachia huru wote 26 waliokuwa wamehukumiwa. Heshima gani hiyo sasa.

Bi_Shamsa

@Nyanda_Juu sijapamba, niliulizwa kwa nini wanampenda, sikuulizwa kama alikuwa kiongozi mzuri. Ni vitu viwili hivyo. Ya Bathe ni kweli yote na hayana utetezi. Ila jiulize wale wenye ardhi kwa nini walianza kuunda majeshi binafsi na kuua kwa wingi hivyo miaka ile ya 90. Mtu anayeogopwa na wote hana haja ya kuja na bunduki usiku. Walishaanza kujibiwa, vibarua wanadai ujira, Wanaxal, wale waasi wa kikomunisti, wanawapanga, na kule Patna wamekaa watu ambao hawanyanyui simu ya bwana kama zamani.

Na Kamongo cha kushika mkononi kipo kimoja, kura yenyewe. 1995 Janata Dal ilipata viti 167 kati ya 324 peke yake, na ule uchaguzi ulisimamiwa na T. N. Seshan, mkali kuliko makamishna wote wa uchaguzi India imewahi kuwa nao, kajaza askari wa serikali kuu vituoni, kasogeza tarehe mara kadhaa, Lalu anamtukana kwenye majukwaa kila siku. Kumbe wale askari ndo waliwalinda masikini wakapiga kura wenyewe, na kura zikaenda kwa Lalu.

Abuu_Najma

Naomba niongezee upande wa Waislamu maana wengi mnauruka. 1989 Bhagalpur, jimbo hilo hilo la Bihar chini ya Congress, ilitokea vurugu ya kidini wakafa watu zaidi ya elfu, wengi Waislamu. Mwaka uliofuata ndo anaingia Lalu. Septemba 1990 L. K. Advani wa BJP kaanza ule msafara wake na gari lililopambwa kama gari la farasi, katoka Somnath kule Gujarat anaelekea Ayodhya kwenye msikiti wa Babri kudai hekalu la Kihindu lijengwe pale, na kila ulipopita joto linapanda. Unavuka majimbo hakuna anayethubutu kuugusa. Ulipoingia Bihar, alfajiri ya Oktoba 23 pale Samastipur, Lalu katuma maafisa wawili wakamtoa Advani kwenye nyumba ya wageni, helikopta ikamchukua. BJP ikaondoa sapoti siku hiyo hiyo na serikali ya V. P. Singh ikaanguka Novemba 7. Yaani waziri kiongozi wa miezi saba kakubali serikali ya chama chake Delhi idondoke.

Kwa Muislamu wa Bihar ile alfajiri haijasahaulika mpaka kesho. Na miaka yote 15 yake na ya mkewe hakikutokea kitu cha ukubwa wa Bhagalpur. Sasa chukua Waislamu, chukua Yadav, jumlisha. Sensa ya matabaka waliyotoa Bihar Oktoba 2023 inasema Yadav ni asilimia 14 na kidogo, Waislamu 17 na nusu na zaidi. Unaanza uchaguzi una karibu theluthi ya jimbo mfukoni. Hilo ndo jibu lenye namba Kamongo.

Ila dunia ina mambo, mmoja wa wale maafisa wawili wa Samastipur, R. K. Singh, alikuja kuwa waziri kwenye serikali ya BJP.

Mchokozi77

Sawa ila ng'ombe mnawaruka kila mtu. Turudi zizini tafadhali.

Dokta_Mifugo

Hapo ndo penye fani yangu ngoja niingie.

Watu wanadhani Lalu alikuwa anabeba magunia ya pumba. Ule mchezo ulikuwa wa makaratasi. Idara ya mifugo ina bajeti yake ya mwaka, pesa inakaa kwenye hazina za wilaya. Afisa wa mifugo wa wilaya akishirikiana na msambazaji wanatengeneza ankara za chakula, dawa, vifaa na usafiri kwa ajili ya mifugo ambayo haipo, au ipo kumi imeandikwa mia. Mtu wa hazina analipa, anapewa chake. Wanasiasa juu wanapewa chao ili wasiulize kwa nini idara inatumia mara kadhaa ya kilichopitishwa na bunge. Jumla iliyokuja kutajwa kwa hazina zote ni kama rupia bilioni 9 na nusu.

Utamu wake uko kwa CAG wao. Alipopitia ankara za kusafirisha mifugo akachukua namba za magari akazitafuta kwenye usajili. Mengine ni skuta. Wameandika kwamba ng'ombe na mafahali wa mbegu wamesafirishwa wilaya hadi wilaya kwa pikipiki za vespa. Mimi nimewahi kumpakia fahali mmoja tu wa Boran kwenye Fuso tulikuwa wanaume sita na kamba.

Januari 1996 ndo ikalipuka. Mkuu wa wilaya kijana, Amit Khare, kaivamia ofisi ya mifugo ya Chaibasa, kakuta mafaili, kaifunga. Machi mahakama kuu ikaagiza CBI, wapelelezi wa serikali kuu, wachunguze badala ya polisi wa jimbo. Na sasa kumbuka alichosema Bi Shamsa, Lalu kakulia kwenye chuo cha mifugo, kaajiriwa chuo cha mifugo, kaongoza jimbo akikaa chuo cha mifugo, kaangushwa na idara ya mifugo. Na hela yenyewe aliiachia itoke yeye akiwa pia waziri wa fedha wa jimbo, hilo ndo lilimbana, hawezi kusema hakuona vitabu.

Kwa haki ya Mungu niseme pia, mchezo haukuanza kwake. Ulikuwepo toka enzi za Congress, na waziri kiongozi wa zamani Jagannath Mishra naye alikutwa na hatia 2013. Ila ulinenepa mikononi mwa Lalu.

Abuu_Najma

Dokta ongeza na hili. Desemba 2017 kwenye kesi ya hazina ya Deoghar, Mishra ambaye ni Bramini akaachiwa, Lalu akatiwa hatiani, siku moja, mahakama moja. Wafuasi wake hawakuhitaji ufafanuzi mwingine. Mishra alikuja kutiwa hatiani kwenye kesi nyingine mwezi uliofuata lakini hiyo nani aliisikiliza.

treni_ya_kati

Mimi nmekuja kwa ajili ya reli tu, naona hakuna aliyegusa. 2004 hadi 2009 Lalu alikuwa waziri wa reli wa India nzima. Shirika lenye wafanyakazi zaidi ya milioni, miaka michache nyuma wataalamu walishaandika kwamba linaelekea kufilisika, na tiba yao ilikuwa ile ile tunayoijua, pandisha nauli, punguza watu, uza vipande. Lalu hakupandisha nauli na hakufukuza mtu. Na kila mwaka akawa anatangaza ziada kubwa kuliko ya mwaka jana.

Alifanyaje? Mizigo. Mabehewa ya makaa na chuma yalikuwa yanazidishiwa uzito kila siku, kila mtu anajua, na ile hela ya kuzidisha inaingia mifukoni kwa watu stesheni. Akasema basi pandisheni uzito unaoruhusiwa kisheria, na mteja alipie reli. Alafu behewa lililokuwa linachukua kama siku saba kupakiwa, kwenda, kushushwa na kurudi akalishusha kuelekea siku tano, hapo umeongeza mabehewa bila kununua hata moja. Kwa abiria akaongezea mabehewa treni zinazojaa badala ya kuanzisha treni mpya. Mwenyewe alieleza kifugaji, ng'ombe usipomkamua akaisha anaumwa. Akaleta Garib Rath, treni ya kiyoyozi kwa nauli ndogo, ya kwanza 2006 kutoka Saharsa kwao Bihar kwenda Amritsar, njia ya wale vibarua waliotajwa hapo juu wanaoenda kuvuna Punjab. Na chai kwenye vikombe vya udongo badala ya plastiki ili wafinyanzi wa vijijini wale. Wanafunzi wa biashara Ahmedabad wakaja kumsikiliza, mpaka wa Harvard.

Sifa kubwa apewe afisa wake Sudhir Kumar aliyepiga mahesabu, Lalu alikuwa anajua kumsikiliza na kumkinga na wanasiasa wenzie. Na aliyempokea kiti, Mamata Banerjee, 2009 alitoa waraka bungeni kwamba ziada zile zilikuzwa kwa namna ya kuandika hesabu. Kwa hiyo kata kidogo. Ila hata ukikata, reli haikufa.

Kinachonishangaza mimi, huyu huyu kwa nini Bihar alishindwa? Miaka 15 jimbo, hakuna kitu. Miaka mitano reli, dunia inamshangaa.

Nyanda_Juu

@treni_ya_kati kwa sababu reli ilikuwa na wahandisi na vitabu vya hesabu tayari, yeye kakuta injini inawaka. Bihar ofisi nzima ya serikali ilikuwa ya matabaka ya juu na yeye hakuwaamini, sasa badala ya kuijenga upya akaiacha ioze, nafasi haijazwi, mwalimu haajiriwi, hela ya Delhi ya maendeleo inarudi maana hakuna wa kuandika maombi. Na usisahau kuna kesi iko mahakamani kwamba alipokuwa reli watu walipewa ajira wakahamisha viwanja kwa familia yake. Anakanusha, haijaisha.

Kamongo_wa_Ziwa

Wakuu mmenipa shule. Sasa hapo kwa mke. Nmesoma kwamba siku anajiuzulu akamweka mkewe kwenye kiti, hivi ilipitaje hiyo bila watu kuandamana?

Mama_Tausi

Hapo mniachie mimi. Julai 1997 CBI wameshamwandikia mashtaka, chama chake mwenyewe kinamtaka atoke. Akakivunja, Julai 5 kasajili chake, Rashtriya Janata Dal, kaondoka na wabunge wengi. Julai 25 kajiuzulu asubuhi, jioni wabunge wamemchagua Rabri Devi, mama wa watoto tisa, mabinti saba na wavulana wawili, shule hakwenda mbali, siasa hajawahi. Siku tano baadaye mume kaenda kujisalimisha. Nchi nzima ilicheka, magazeti yalimchora yuko jikoni anasaini mafaili.

Sawa, mafaili yalikuwa yanapelekwa kwa mume, hilo hata yeye hakulificha sana. Lakini yule mama alikaa mpaka 2005 mkijumlisha vipindi vyake. Februari 1999 serikali kuu ya Delhi walimwondoa baada ya mauaji ya Wadalit, wiki chache wakamrudisha maana Congress iligoma kuipitisha ile amri. Machi 2000 Nitish Kumar, mpinzani wa Lalu, kaapishwa mahali pake, kakaa wiki moja kakosa wabunge, Rabri karudi. Wanaume wenye digrii zao walishindwa kumtoa kwa miaka minane. Na wakati wao ndo Jharkhand ilikatwa kutoka Bihar ikawa jimbo lake Novemba 2000, ikaondoka na migodi yote na viwanda, Bihar ikabaki na mashamba na mafuriko. Ndo maana pia kesi za Lalu zinasikilizwa Ranchi, makao makuu ya Jharkhand, na sio Patna, hazina zile nyingi zimeangukia upande wa pili.

chai_ya_rangi

Nitish mmemtaja juu juu lakini ndo upande wa pili wa sarafu. Wametoka vuguvugu moja la 1974, alikuwa kambi ya Lalu mpaka 1994 akaondoka na mwanasiasa mwenzie George Fernandes. Tabaka lake la Kurmi ni dogo, akaona kwa Lalu kila kitu kinaenda kwa Yadav. Akakusanya wale wadogo wadogo waliosahaulika, wanawake pia. 2005 akashika, akajenga barabara, wasichana wa sekondari kawapa baiskeli. Alafu 2015 akaungana na Lalu huyo huyo kumpiga BJP, muungano ukapata viti 178 kati ya 243, chama cha Lalu 80, kikaongoza. 2017 kamwacha. 2022 karudi. Januari 2024 kamwacha tena. Lalu wa jela na dhamana yuko pale pale anahamwa na kurudiwa.

Na mnajua 2013 kidogo apone? Mahakama ya juu ilisema mbunge akihukumiwa miaka miwili au zaidi anapoteza kiti hapo hapo. Serikali ya Congress ikaandaa amri ya kuwakinga, Septemba 27 Rahul Gandhi kaingia kwenye mkutano wa waandishi kasema huo ni upuuzi wa kuchanwa. Septemba 30 Lalu katiwa hatiani. Kiti kikaenda.

Mchokozi77

Basi 2025 wamemzika rasmi. RJD viti 25 kutoka 75. Mtoto wa kiume mkubwa Tej Pratap kafukuzwa chama na baba yake Mei, kaanzisha chake kaanguka. Rohini, yule binti aliyempa baba figo kule Singapore Desemba 2022, matokeo yametoka tu katangaza anaachana na siasa na ile familia. Nitish kaapishwa mara ya kumi. Kamongo swali lako limejijibu, jela imemmaliza ila taratibu.

Abuu_Najma

@Mchokozi77 umesoma viti, soma na kura. RJD ilipata asilimia 23 ya kura zote Bihar, chama chochote kingine hakikufika hapo, BJP 20, Nitish 19. Wao walisimamisha wagombea zaidi ya 140 wakati BJP na Nitish kila mmoja alisimama majimbo 101, kwa hiyo usilinganishe kichwa kichwa, lakini ni ile theluthi nlokwambia ikikatwa pembeni kidogo. Wale wengine wote, matabaka madogo, Wadalit, wanawake waliowekewa rupia elfu kumi kumi kwenye akaunti kabla ya uchaguzi, wamekwenda upande wa pili. Waliokuwa wa Lalu 1990 wengi bado wa Lalu. Tatizo la mtoto ni kwamba hajaongeza.

Kamongo_wa_Ziwa

Hapo kwenye elfu kumi kumi kabla ya uchaguzi mbona mnapita haraka? Nani alilipa?

Nyanda_Juu

Serikali ya jimbo, mpango wa mitaji kwa wanawake, uzinduzi kafanya waziri mkuu Narendra Modi mwenyewe Septemba. Fungua uzi mwingine mkuu, huo utachukua wiki.